Kisu cha Tusekile

Jumatatu, 3 Machi 2025

Biashara ya maturubai imelala. Madereva wote wako kwenye foleni ya mpaka, hakuna anayenunua hata kamba. Mchana akaja Ba Wiliam, mzee nadhifu wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, anayenunua visu vilivyofuliwa kwa mkono. Si vya kukatia! Kasema kuna matajiri wanavikusanya kama wengine wanavyokusanya saa, na wanataka jina la mhunzi lijulikane. Deus wa duka la simu, jirani yangu mwenye masikio marefu, akadakia kwamba yeye anacho, cha babu yake. Mwongo. Babu yake alikuwa fundi cherehani.

Mimi ninacho kweli. Yaani, mke wangu anacho. Marehemu baba mkwe alikuwa mhunzi huko Mbozi. Tusekile alipoolewa, baba yake alimfulia kisu kutoka springi ya lori.

Mpango: shemeji Boazi, aliyerithi mivukuto ya baba yake, afue kinachofanana nacho. Ba Wiliam apate kipya, mke wangu arudishiwe chake. Hakuna anayeumia.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Mbozi na kisu. Nilimwambia Tusekile nakipeleka kunolewa. Akaonya kisiguswe na mashine, baba hakutaka.

Boazi kauliza hicho kipya ni cha mkono wa nani. Swali gani hilo! Nikasema ni cha mteja. Akasema kwao hawachongi mpini wa mkono wasioujua. Ikabidi nitoe wangu. Akaupima kwa uzi, kidole kwa kidole, taratibu kama mshona sare. Nikaona ananipotezea muda.

Jumamosi, 8 Machi

Boazi kamaliza. Pacha kabisa! Nimevuka mpaka kwenda Nakonde na visu vyote viwili, vya kulinganisha.

Ba Wiliam akakigeuza kile kipya, akakirudisha kwa upole, kwa adabu ya Kibemba. "Huyu fundi yuko hai, mukwai. Kesho atafua kingine." Kisha akakiona cha zamani ndani ya mfuko. Akavua miwani. Akauliza aliyekifua yuko wapi. Nikasema ameshafariki. Akauliza kama nakiuza.

Ningesema hapana. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Lakini Deus, naye kavuka, alikuwa mlangoni na kisu chake, alichokuwa amekizika kwenye samadi ya mbuzi ili kizeeke. Kinanuka! Akasema huyu bwana akiogopa mkewe, yeye yupo. Nikauza. Nikauza ili Deus asiuze!

Nimenunua jiko la gesi, na kile kisu kipya nimekiweka mahali pa cha zamani. Tusekile atafurahi.

Jumapili, 9 Machi

Alifurahi. Akalipangusa jiko, akashika kisu akate chainizi. Akakata jani moja, akasimama. Akafungua kiganja, akafumba tena kwenye mpini. Akaniambia nitoe mkono, akanipa kisu. Kikakaa kiganjani kama kimezaliwa humo.

"Hiki ni chako, Baba Enesi," akasema. "Basi katia wewe."

Akatoka, akakaa uani.

Jumanne, 11 Machi

Ninapika. Deus amepata habari, ananiita Mama Enesi mbele ya madereva. "Mama Enesi, leo mboga gani?" Nikajibu maharage. Kosa! Sikutakiwa kujibu.

Nimerudi Nakonde kukikomboa. Ba Wiliam alisikitika kwa dhati. Kisu kimeshafika Ndola, kwa tajiri wake, na hakirudi. Akanitumia picha: kabati la kioo, kitambaa chekundu, taa juu yake. Chini, jina la baba mkwe kwa herufi nzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwonyesha Tusekile ile picha. Nilidhani jina lingemfariji. Akaitazama mpaka simu ikazima. Akauliza wanakatia nini. Nikasema hawakatii kitu, wanakitazama tu.

"Hata nyanya?"

Hata nyanya.

Akasema baba yake hakuwa mtu wa kushika watoto mikono. Lakini wiki ile ya kufua kisu alikuwa akimwita kila mara, lete mkono nipime, lete mkono nione. Kisha akaniambia maharage yanaungua. Yalikuwa yanaungua kweli. Sikuweza kuyala, na si kwa sababu ya kuungua.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nimetubu. Kwa machozi! Wazee wawili wamenipa pole, wakidhani nimefiwa.

Mchana kaja Roda, dada yake Tusekile, kumfariji. Alipoona ninavyomenya viazi akanisukuma pembeni, akatoa kisu chake kikapuni. Nikakitazama. Springi ile ile. Alama za nyundo zile zile. Sikujua kwamba na yeye alifuliwa!

Jioni nimekaa nikalichambua kosa langu kwa utulivu, hatua kwa hatua. Nimelipata. Lilikuwa kipimo tu.

Wakati wa kuagana nilimpa Roda mkono, nikaushikilia. Akasema, "Shemeji, niachie, gari linaniacha!" Sikuachia mpaka nilipomaliza. Vidole vyake vinapita vyangu kwa nusu ukucha, kiganja ni chembamba zaidi.

Keshokutwa niko kwa Boazi, afue pacha wa kisu cha Roda. Safari hii hagundui mtu.