Limbani Aikabili Ngome ya Mama Mkwe kwa Salamu Moja

Tegeni masikio, enyi mlio na wakwe nanyi mtakaowapata. Teremsheni sufuria, lazeni watoto, niwasimulie jinsi Limbani, Simba wa Blantyre, Mfufuaji wa Majokofu, Yeye Asiyeogopa Umeme, alivyoikabili ngome ya mama mkwe wake, Ambuya Nyembesi, huko Gutu, naye hana silaha ila salamu.

Kwani ng'ambo ya ua alikuwako Shuvai, mkewe, aliyerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi ya Washona, watu wake, iamuruvyo. Na alikuwako mtoto mwenyewe, ambaye baba yake hajapata kumwona ila kwenye kioo cha simu. Na mkwe ambaye salamu yake haijaitikiwa haonyeshwi kitu, hata kuku.

Basi shujaa akaingia jikoni, akachuchumaa mbali na mama mkwe kama adabu itakavyo, akakunja viganja mithili ya vikombe, akavipishanisha, akapiga makofi yakavuma: pu! pu! pu!

"Maswera sei, Ambuya?" Yaani, umeshindaje?

Kundai, shemeji yake mdogo, akaangukia gunia la karanga kwa kicheko.

"Yuwi! Jamani, tumeletewa bi harusi! Bi harusi ana ndevu!"

Ole wake! Viganja vya kupishana ni vya wanawake. Mwanamume hupiga vilivyonyooka, kidole kwa kidole.

"Shemeji, nani kakufundisha?"

"Mke wangu, kwa simu. Kaniambia, fanya kama mimi!"

Kutoka ng'ambo ya ua kikasikika kicheko cha Shuvai, na hakuna mkuki uliopata kumchoma mtu kama kicheko kile.

Ambuya, mdomo kaufunika kwa upindo wa nguo, akatoa hukumu: "Mimi namngoja mkwe wa kiume. Huyu binti mwambieni akachote maji."

Je, Limbani alikimbia? Mlango aliutazama, sikatai. Lakini akanyoosha vidole, akavipanga kama askari wa gwaride, akapiga upya hata kuta zikaitika. "Maswera sei, Ambuya?"

Ambuya akaguna, akajibu jibu la kale: "Ndaswera kana maswerawo." Nimeshinda vyema, ikiwa nawe umeshinda vyema.

Hapo palibaki neno moja jepesi la kuitikia. Limbani akafungua kinywa, na ukweli ukamtangulia.

"Ambuya, mimi sijashinda vyema. Tangu mtoto azaliwe nami niko mbali, siku hata moja sijashinda vyema."

Kundai akaacha kucheka. "Eh, mama! Kakunasa. Kama yeye bado, na wewe bado."

Ambuya akamkazia mkwe macho, hata kikaango kikaanza kunuka.

"Mjanja huyu," akasema. "Mleteni mtoto, asije akaniharibia siku."

Shuvai akamleta, akamweka mikononi mwa baba yake. Na mikono ile iliyozoea nyaya za moto ikamshika kiunoni tu.

"Shingo, shemeji! Shika shingo!"

Na iandikwe, wasomewe wajukuu, ya kwamba alasiri ile Gutu ilitekwa pasipo tone la damu; na mtekaji naye akatekwa papo hapo, kwa kidole kimoja tu, kilichokamatwa na mkono mdogo usiotaka kuachia.