Koti la Ujerumani na Mbegu za Kwanza

Jumatatu, 17 Februari 2025

Siku kuu! Tangazo limebandikwa ubaoni kando ya maktaba ya chuo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu atakwenda Ujerumani kusoma biashara na sayansi za jamii kwa muhula mmoja, Aprili hadi Julai. Majina yaliyofika mchujo wa mwisho ni mawili. La kwanza ni langu: Elisha Ondiek, miaka sitini na mmoja, afisa wa ushirika mstaafu. La pili ni la Wandera, miaka hamsini na saba, aliyekuwa mpishi mkuu wa gereza. Mpishi wa gereza! Karatasi moja na mimi! Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna jina la akiba: Jacinta, binti anayeketi nyuma yangu darasani na kunifungulia barua pepe. Hilo halinihusu.

Limebaki jambo moja tu. Mwenye mke au mume alete fomu iliyosainiwa na mwenzake, kuthibitisha kwamba nyumbani hakuna kitakachoharibika akiwa mbali. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nane, saa sita mchana, ofisini kwa Daktari Seline, mratibu wa masomo ya ng'ambo. Jambo dogo. Rosa amekuwa mke wangu miaka thelathini na minne. Atasaini huku anasonga ugali.

Nilirudi kwa miguu hadi chumba changu cha kupanga, Otonglo, pembezoni mwa Kisumu. Ziwa lilikuwa limetulia, limefunikwa na magugu hata huwezi kujua nchi kavu inaishia wapi. Nikajiona niko huko. Theluji inaanguka polepole kama unga unaochekechwa. Natembea kando ya mto, mikono mgongoni. Maprofesa wawili wananifuata nusu hatua nyuma, wanataka kujua maoni yangu kuhusu vyama vya wavuvi. Nasimama. Nafikiri. Wanasubiri, na theluji nayo inasubiri.

Nilipozinduka nilikuwa nimepita mlango wangu kwa hatua mia mbili.

Jumanne, 18 Februari

Asubuhi, soko la Kibuye, kwenye mitumba. Namkuta nani? Wandera, ndani ya koti linalofika magotini! Aliniambia anatafuta pazia. Mwongo. Nikachimbua rundo hadi chini, nikapata koti jeusi linalofika kwenye vifundo vya miguu, na kola ya manyoya ya mnyama nisiyemjua. Wandera alilitazama kutoka kola hadi pindo. Ushindi!

Mchana nililivaa darasani ili mwili uzoee. Jacinta aliniinamia akaniuliza kwa adabu, Mzee, hiyo koti utaivaa wapi? Eti kuanzia Aprili huko ni joto, watu hutembea na kaptula. Nilimjibu kwamba Ulaya ni Ulaya. Vijana wa leo husoma simu, hawasomi ramani.

Jasho lilinitoka mpaka viatuni. Mhadhiri alisimamisha somo akaniuliza kama nina malaria. Wandera alifungua dirisha, lakini lile la upande wake.

Jumatano, 19 Februari

Nimekuja nyumbani Seme, mbele kidogo ya Kombewa, na fomu kwenye bahasha. Nilimweleza Rosa kila kitu: mto, maprofesa, vyama vya wavuvi. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza swali moja. Baba Okinyi, mbegu atazitoa nani?

Nilikuwa nimesahau. Kabisa!

Hapa kwetu hakuna mtoto anayetia mbegu shambani kabla ya baba mwenye boma kutangulia pamoja na mama wa boma. Golo kodhi, ndivyo tunavyoita: kuzitoa mbegu. Mzee akichelewa, wana wote wanasubiri na majembe mabegani. Mzee akiwa Ujerumani mvua za Machi na Aprili zikinyesha, wana wangu wawili, wake zao na wajukuu saba watasimama mlangoni wakitazama mvua inavyopotea bure.

Akello, mke wa mwanangu Okinyi, alikuwa anapembua maharage pale pale. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza kama nitakuwa natuma picha nyingi, kwa sababu itabidi wazichemshe wale.

Rosa akairudisha fomu ndani ya bahasha. Akaifunga vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimepata njia! Nililala nikiwaza, nikaamka nikicheka. Mila inasema mwenye boma atangulie. Haisemi atangulie lini! Nikipanda sasa, nimetangulia. Mvua ije inapotaka, wana wapande, nami niko zangu kando ya mto.

Nilimweleza Rosa. Alinitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo. Kisha akasema sawa. Atatoka nami shambani, tutapanda pamoja kama inavyotakiwa, na atasaini fomu. Lakini atasaini siku mahindi yatakapochomoza. Mbegu iliyolala kwenye vumbi, alisema, haijatoka popote.

Tulipanda mistari mitatu. Ardhi ni kama tofali. Jembe liliruka likanirudia mara mbili. Akello alikuja kutazama na kikombe chake cha chai. Alisema hajawahi kuona mtu akizika mahindi.

Sasa ni kumwagilia. Mtungi mmoja kutoka ziwani, njia ya kupanda kilima. Nimekwenda mara nne. Mara ya nne nililala kidogo kwenye majani kando ya njia. Mawingu yalikuwa meupe, marefu, yanakwenda kaskazini bila haraka. Nikaona yanapita juu ya jangwa, juu ya bahari, juu ya milima, yakafika juu ya mji wenye kengele. Mtu fulani kule chini alifungua dirisha akasema, haya yametoka Seme. Nilipoamka maji yalikuwa yamemwagika yote.

Jumamosi, 22 Februari

Kuku! Wamefukua mistari miwili na nusu. Walikula wakifuata mstari, kwa utaratibu, kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula.

Nilitaka kupanda upya peke yangu haraka, kabla Rosa hajaona. Alikuwa ameona. Alikuja na kikapu, akapanda nami. Alisema tu kwamba haifai nitangulie mara mbili bila yeye. Nilimshukuru. Kisha nikamuuliza kama angeweza kusaini leo kwa huruma. Akasema hapana.

Ilibidi nitumie koti. Nilisimamisha vijiti viwili katikati ya shamba, nikavivisha koti, nikapachika kofia yangu ya kazini juu. Kuku hawakusogea tena. Hata mbwa alilibwekea kwa heshima. Iliniuma kuliacha pale, lakini nilijiambia kwamba nalo linafanya kazi kwa ajili ya Ujerumani.

Jumatatu, 24 Februari

Kisumu. Okinyi amekubali kumwagilia kwa siku tatu. Alisema anafanya hivyo ili apumzike kusikia habari za mto.

Wandera ana furaha leo. Sababu yake siijui, na hilo limenikera. Nilimchokoza kidogo wakati wa chai. Ikajitokeza kwamba yeye pia ana boma, kwao Samia, kuvuka mpaka wa kaunti, na kwao pia mzee ndiye hutangulia shambani! Nikamuuliza kama amekwisha kupanda. Akacheka. Bwana Ondiek, nani anapanda Februari? Akaniuliza na mimi. Nikasema kwetu tuko tayari kabisa. Akasema, ahaa, tayari. Akakoroga chai isiyokuwa na sukari.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Daktari Seline ni binti wa huku ziwani, anazijua mila. Je, anajua kwamba boma la Wandera litakaa na njaa? Ni wajibu wa raia kumfahamisha. Niliandika barua fupi, safi, isiyo na chuki. Nikatia sahihi: Mwananchi Mwema. Nikaisukuma chini ya mlango wake saa ya chakula. Kulikuwa na bahasha nyingine pale chini, imetangulia. Sikuijali.

Alhamisi, 27 Februari

Niko Seme tangu jana. Hakuna kilichochomoza. Nimelala kifudifudi kwenye udongo nikitafuta hata ncha. Jirani alipita barabarani akaliamkia koti, Mzee Ondiek habari ya mchana, akaenda zake ameridhika. Mimi mwenyewe nikiwa chini, hakuniona.

Saa kumi jioni upepo ulitoka ziwani. Kisha harufu ile. Kisha mvua! Mvua ya kweli, Februari! Rosa alitoka akasimama kizingitini. Nikaenda kusimama karibu naye. Koti lilikuwa linatikisa mikono katikati ya mvua, jeusi, refu, kola imeinuliwa. Kwa mbali ungeapa ni mtu anayevuka daraja katika nchi nyingine, ana mahali pa kufika. Tulilitazama muda mrefu. Rosa aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama huko Ujerumani nitakuwa nakula nini. Nikasema sijui. Akasema nijue kwanza.

Ijumaa, 28 Februari

Yamechomoza! Saa moja asubuhi, ncha za kijani mstari mzima! Nilipiga kelele mpaka Akello akadhani nimeumwa na nyoka. Rosa alikuja, akainama, akagusa moja kwa kidole. Akasaini fomu hapo hapo, juu ya mgongo wangu, nikiwa nimeinama. Alibonyeza kalamu sana.

Wana wangu walikuwa tayari wamechukua majembe. Mzee ametangulia, ardhi imelowa, nani atawazuia? Boma lote lilikuwa shambani, la kwanza kupanda katika kijiji kizima. Nilipita kati yao nikikimbia. Akello alinipungia mkono wenye udongo. Safiri salama Baba, alisema, umefanya kitu kimoja.

Nilifika ofisini saa sita kasoro robo, matope mpaka magotini. Wandera alikuwa ameketi tayari, fomu yake mkononi. Daktari Seline alizipokea fomu zote mbili, akaziweka pembeni. Akatoa barua mbili. Moja ilisema boma la Wandera litakosa mbegu. Nyingine ilisema boma la Ondiek litakosa mbegu. Zote mbili zimetiwa sahihi na Mwananchi Mwema.

Wandera alitazama dari. Nikaona ni dari nzuri, nami nikaitazama.

Daktari Seline hakupandisha sauti. Alisema wazee wawili wameapa, kila mmoja kuhusu mwenzake, na yeye amelelewa kuwaamini wazee. Amewaamini wote wawili. Kamati ilikutana jana kwa sababu ya barua hizo, ikatuondoa sote. Anakwenda Jacinta.

Nilisimama. Nilisema kwangu kumepandwa! Nimemwagilia kwa mtungi! Kumechomoza! Leo! Akaniuliza, Mzee, mtu anayemwagilia mahindi kwa mtungi mwezi wa pili ili apate kuondoka, huyo amepanda au ametoroka? Wandera akacheka. Akaambiwa yeye hata kutoroka hajajua.

Tulitoka pamoja. Tulifika getini. Pale Wandera aliniuliza koti langu nililipata upande gani wa soko. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi

Jacinta alikuja mpaka Otonglo kuniaga mapema, maana ana mambo mengi ya viza. Aliniomba daftari langu la ushirika wa wavuvi, anataka kulitumia katika mada yake huko. Nililitoa. Nilimwambia atembee kando ya mto, polepole, mikono mgongoni, na kama maprofesa wakimfuata asigeuke haraka. Aliahidi. Nilitaka kumpa koti pia. Akakataa akicheka, akanionyesha picha ya mji ule mwezi wa Mei. Watu wamelala kwenye nyasi, wamevaa kaptula. Inawezekana ni picha ya zamani.

Jioni nimekuja nyumbani. Mahindi yamefika kwenye kifundo cha mguu, yametangulia ya kijiji kizima, na watu wanasimama barabarani kuyatazama. Rosa ameniwekea kiti mlangoni. Ukungu umepanda kutoka ziwani mpaka shambani. Koti limesimama ndani yake na kofia yangu, na kwa muda mrefu nimeshindwa kujua ni yupi kati yetu aliyeko Ujerumani. Rosa alinipitishia chai akasema sasa angalau ataniona msimu mzima. Nilisema ndiyo. Nilikuwa nakusudia kweli.

Lakini kuna tangazo jipya ubaoni! Kanada, biashara na sayansi za jamii, muhula mmoja, Agosti hadi Desemba. Kweli, Agosti ndipo tunapotia mbegu za mvua fupi. Kweli, Wandera ameonekana Kibuye akipima glavu. Hayo yote nimeyafikiria. Jirani ameliamkia koti lile mara tatu kwa jina langu. Mbwa analiheshimu. Kuku wanaliogopa kuliko walivyowahi kuniogopa mimi. Nikilikabidhi kikapu cha mbegu siku moja kabla ya kuondoka, na Rosa akasimama karibu nalo, nani atasema mwenye boma hakutangulia?

Rosa ameuliza naandika nini. Nimemwambia ni mambo ya kilimo.