Magauni Sita Kwenye Kamba

Jumatatu, 3 Machi
Bili ya maji imekuja. Mara mbili ya mwezi uliopita! Nusura nikae chini palepale uani. Mita ni moja, vyumba vya wapangaji vitatu, nyumba yetu mbele, na bili tunagawana kwa vichwa. Basi kuna mtu anaficha vichwa. Mke wangu kasema nianze na tangi la choo chetu, linavuja tangu mwaka jana. Nimemwambia asinichanganye. Lile halivuji, linanong'ona tu. Tena hunibembeleza nikilala mchana. Kanikumbusha pia kwamba chumba kikibaki wazi, mama yake anahamia. Mungu apishe mbali.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda nyuma ya pazia nikihesabu nguo kwenye kamba. Kinyozi wa chumba cha kwanza: suruali mbili. Kichwa kimoja, sawa. Mwalimu na mkewe: vichwa viwili, sawa. Chumba cha tatu, Muuguzi, anayedai anaishi peke yake: magauni meupe sita. Sita!

Jumatano, 5 Machi
Nimeelewa! Wako sita. Wanafanya kazi kwa zamu, wanalala kwa zamu, kitanda kimoja. Ndiyo maana sijawahi kuona zaidi ya mmoja. Na wakishavaa sare nani atawatofautisha? Miaka mitatu nawasalimia wote nikidhani ni mtu mmoja. Nimejipongeza kwa kikombe cha chai. Kisha nikaandika bili ya watu sita na kuipitisha chini ya mlango wake.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi kaja na karatasi mkononi. Kwanza alicheka, akidhani utani. Halafu akaacha kucheka. Akasema gauni likishatoka wodini halivaliwi tena bila kufuliwa, siku zake za kazi ni sita kwa wiki, na hufua yote siku ya mapumziko, baba mwenye nyumba ajumlishe mwenyewe. Nikamwuliza wale watano wanaingilia mlango gani. Akaniangalia kama mgonjwa aliyezidiwa. Akauliza kama siku hizi napata usingizi. Nikamjibu nalala vizuri sana, ahsante.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwita fundi bomba atafute bomba la siri la wale watano. Kafunga koki zote za uani. Mita bado inazunguka! Wapangaji wote nje, wanatazama. Fundi akatega sikio, akaifuata sauti, akaingia sebuleni kwangu, akapita, akaishia chooni. Katoka na kipande cha mpira kilicholika, kidogo kama kifungo cha shati. Kasema mbele ya watu kwamba maji yalikuwa yanamwagikia hapo usiku na mchana. Kinyozi akauliza, kwa heshima zote, tangi langu lihesabiwe vichwa vingapi. Wakacheka wote, hadi mke wangu. Niliona aibu, nakiri humu kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilitaka kumwomba Muuguzi radhi. Mdomo ukafunguka, nikasikia nauliza: basi wale watano wamehamia wapi?

Jumapili, 9 Machi
Muuguzi kahama. Kaacha ufunguo na hela ya maji ya kichwa kimoja, kamili. Hajawahi kuchelewesha kodi. Nilipougua mwaka jana alinipimia presha kila jioni, bure. Nimeingia chumbani kwake, nimekohoa, chumba chote kikaitikia. Nimeumia kweli.
Saa kumi, mkokoteni getini. Mama mkwe! Masanduku matatu na kiti chake. Kanisalimia, kasema nimenenepa na pazia langu ni chafu.

Jumatatu, 10 Machi
Choo kimya. Mchana mzima sikupata hata lepe la usingizi. Nikarudi nyuma ya pazia. Mama mkwe alikuwa anaanika. Gauni la kwanza, la pili, la tatu... la nane! Halafu soksi za kiume. Jozi nzima!
Mke wangu anasema mama yake husikia baridi miguuni. Nimemwacha aamini hivyo. Wanawake wanane, mwanamume mmoja: vichwa tisa. Bili nimeshaiandika. Kesho naipitisha chini ya mlango kabla hajaamka.