Saa Kumi Kasoro Dakika Nane

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Daftari jipya. La zamani limejaa mikasa ambayo hata mmoja haukuwa kosa langu.

Baraza la hewani limefunguliwa saa mbili usiku kama kawaida. Tuko tisa, kuanzia Junju hadi Adu, kila mtu na redio yake ya kupokea na kurusha, kila mtu na leseni yake. Tunaitwa mmoja mmoja, tunaitikia, kisha mmoja wetu anasoma habari za anga: chombo gani kimerushwa, sayari ipi inaonekana, mtu atazame wapi. Usomaji huo ndio cheo pekee tulicho nacho. Leo amesoma Mwalimu Nduku. Tena! Anafundisha fizikia, katoka Machakos, ana miaka sita tu hapa Malindi. Alitangaza kwamba alfajiri ya kesho sayari za Zuhura na Mshtarii zitasogeleana hata mtu aweze kuzifunika kwa kidole kimoja. Habari hiyo mimi nilikuwa nayo tangu Ijumaa, nimeiandika kwa wino wa buluu. Imebaki kwenye karatasi.

Kisha akanirekebisha mbele ya watu. Ati kumbukumbu zangu za mawasiliano nimeziandika kwa saa za hapa, na wanaredio wote ulimwenguni huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Nikamjibu kwamba mimi sikai ulimwenguni, nakaa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi. Mzee Kalama akacheka kule Adu. Kicheko kikageuka kikohozi. Alikuwa hajaachia kitufe, kwa hiyo tulikisikiliza sote mpaka mwisho.

Jumanne, 12 Agosti

Alfajiri nilipanda juu ya paa. Mawingu. Sikuona Zuhura wala Mshtarii, na nimekwaruza goti.

Ujumbe kutoka kwa Nduku, saa nne asubuhi, nikiwa kibandani kwangu nafungua feni ya mteja niitengeneze. Niliusoma mara tatu. Amekuwa akiandika barua kwa miezi saba bila kumwambia mtu. Mmoja wa wanaanga walio kwenye kituo cha anga za juu, naye ana leseni kama sisi, amekubali kumwita Mzee Kalama kwa jina kituo kitakapopita juu yetu. Nduku ameandika hivi: Alhamisi 15:52. Kaa naye, redio yake iwe wazi. Usimwambie ni nini, isije ikashindikana akavunjika moyo.

Yeye atabaki shuleni kwake kusaidia mawasiliano. Amenichagua mimi kwa kuwa kwa mama yangu ni Adu, nina pikipiki, na Mzee ananipenda.

Lazima nieleze Mzee Kalama ni nani, hata kama daftari hili halisomwi na mtu. Alikuwa afisa wa redio melini miaka thelathini. Ndiye aliyeanzisha baraza. Ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, na alipofundisha hakupaza sauti. Macho yalimwisha miaka minne iliyopita, na tangu hapo sisi ndio tunaomsomea mbingu kila usiku. Amezungumza na meli za bahari zote. Hajawahi kuzungumza na mtu aliye nje ya dunia. Mwezi uliopita daktari alimrudisha nyumbani akapumzike, na sote tunajua maana ya kupumzika huko.

Nyuma ya nyumba yake kuna mlingoti wa antena, futi sitini. Hajasema atamwachia nani. Mimi sikuufikiria leo hata kidogo. Niliufikiria mara mbili tu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Adu. Nikakuta Mzee amekonda mpaka saa ya mkononi imepanda kwenye kiwiko. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akanishika mkono na hakuuachia. Binti yake, Janet, alikuwa akimnywesha uji. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza kama nilivyoagizwa. Nathibitisha hilo kwa maandishi.

Lakini Mzee aliniuliza kuna nini, mbona napumua kama mtu aliyebeba habari. Nikasema. Na nilipokuwa nasema, mdomo ukateleza. Nikamwambia kuna mwanaanga atamwita kwa jina kesho, na kwamba mimi Sanga ndiye niliyeandika barua miezi saba. Nilitaka kusahihisha pale pale. Mzee akaanza kulia. Mtu hawezi kusahihisha mbele ya mzee anayelia.

Akamwambia Janet amnyoe kesho na ampigie pasi shati jeupe. Kisha akanikumbusha somo la zamani: sauti inayotoka juu haikai mahali pamoja. Kituo kinakwenda mbio, kwa hiyo sauti inateleza kwenye masafa, nawe lazima uifukuze kwa kuzungusha kitasa cha redio polepole mpaka itakapozama. "Ukikaa kitako yakuacha, mwanangu," alisema. Vidole vyake vilikuwa vikizungusha hewa.

Saa nimeikokotoa mwenyewe. 15:52, toa sita. Saa kumi kasoro dakika nane alasiri. Nimemwandikia Janet kwenye kibao cha ukutani.

Njiani nikapatwa na wasiwasi. Je, mwanaanga akisahau? Watu wa juu wana mambo mengi. Nikapita kwa Eugene, kinyozi jirani wa kibanda changu. Ana sauti nzito, alikuwa akitangaza mechi kwenye ukumbi wa video, na Kiingereza chake kinapita puani. Nimempa redio yangu ya pili. Atakaa kwenye mikorosho, hatua mia tatu kutoka kwa Mzee. Kukiwa kimya kwa dakika tano, ataongea yeye. Hii si hila. Hii ni tahadhari.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika usiku huu huu.

Saa tisa unusu Mzee alikuwa tayari kitandani, kanyolewa, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Nikafungua redio. Saa kumi kasoro dakika nane ikafika. Kimya. Mikwaruzo ya hewani tu. Mzee aliita mara moja, akaita mara ya pili, kwa ile adabu yake ya melini. Dakika ya tatu Janet akanitazama. Dakika ya tano akanitazama zaidi.

Ndipo Eugene akaingia. Mungu amlinde, alijitahidi. Alimwita Mzee kwa jina lake lote. Alisema anaona dunia yote na ni ya buluu sana. Mzee akamuuliza kwa Kiingereza safi ni bahari gani iliyo chini yake wakati huo. Eugene akafikiri, akasema ni ile kubwa. Nyuma yake kulikuwa na sauti ambayo niliifunika kwa kukohoa.

Vidole vya Mzee vilikuwa juu ya kitasa muda wote. Havikusogea hata mara moja. Nilidhani ni furaha imemshika.

Alimshukuru mwanaanga, akamtakia arudi salama kwa watu wake. Kisha akasema amechoka, redio izimwe. Janet akaizima. Mzee akanishukuru na mimi, akanipapasa kichwa. Nikaondoka nikiwa mtu mkubwa.

Nilipita kwanza kwa mama nikale. Jioni nikashika njia na Eugene nyuma yangu, redio ya mkono ikiwa wazi kifuani. Giza lilikuwa linaingia. Mara nikaona nyota nyeupe inapanda kutoka upande wa bara, haipepesi, inakwenda kwa utulivu kama mtu anayejua aendako. Redio ikakohoa. Sauti ya mwanamume, mbali na safi, ikasema, "Shikamoo, Mzee Kalama." Kwa Kiswahili! Nduku alimfundisha kwa barua.

Kimya. Akarudia. Sauti ilikuwa inateleza, nikawa naifukuza kwa kitasa huku pikipiki imesimama katikati ya barabara. Nduku akaingia kutoka Malindi akimwita Mzee aitikie, akiniita mimi, Sanga, Sanga, uko wapi. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Lakini ningeitikia, baraza zima lingejua siko kwa Mzee. Mwanaanga akasema shikamoo mara ya tatu. Hakuna aliyesema marahaba. Nyota ikazama upande wa bahari.

Sauti ile ilipoanza kuita, saa yangu ilisema saa moja kasoro dakika nane. Eugene akauliza yule alikuwa nani. Nikamwambia apande twende.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na jibu ni moja. Kituo kilichelewa. Saa tatu nzima! Na hakuna aliyeomba radhi.

Nduku alifika kibandani asubuhi, macho mekundu. Nikamwambia betri ya Mzee ilikufa dakika za mwisho. Hakunilaumu. Alisema kosa ni lake, angelipaswa kupeleka betri ya akiba. Alisimama pale akishika panga la feni bila kujua ameshika nini. Ningependelea anitukane.

Mchana Janet alipanda mahali penye mtandao akanipigia simu. Alisema niende nikamwone baba, hali si nzuri. Halafu akaongeza. "Kaka Sanga, usije ukamkasirikia. Baba alijua. Asema mtu yule wa angani alikuwa na jogoo." Na tena sauti haikuteleza hata kidogo, Mzee alisema, ilikaa kitako kama mtu wa nyumbani. Hakuna mwanaanga aliyetaka kumwita, ndivyo anavyoamini sasa, yote niliyatunga mimi kumfurahisha. Janet alimwuliza kwa nini basi alishukuru. Akajibu kwamba kijana amejisumbua.

Nimekaa chini kibandani. Kwa hiyo redio ilizimwa ikabaki imezimwa. Kwa hiyo lile la kweli lilipopita juu ya paa lake, alikuwa amelala na shati lake jeupe, anaamini hakuna kitu.

Nitakwenda kumwambia ukweli wote. Kesho asubuhi, mapema. Leo nina pasi mbili za wateja na ni aibu kuchelewesha kazi ya watu.

Jumapili, 17 Agosti

Mzee Kalama alifariki jana alfajiri, kabla sijawasha pikipiki.

Usiku baraza lilikutana. Kuna desturi yetu: mwenzetu akifa, jina lake la hewani linaitwa mara tatu, na kila baada ya kuitwa tunanyamaza, tukimwachia nafasi ya kujibu. Nduku aliita. Tukanyamaza. Akaita. Nilikuwa na redio magotini, taa imezimwa, na nilisikia ule mvumo wa hewani ambao yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sehemu yake hutoka kwenye nyota zenyewe. Nililia kwa sauti. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu, na sikumwambia hata hilo.

Jumatatu, 18 Agosti

Janet amekuja mjini kununua sanda na vitu vya matanga. Akanipa bahasha. Mzee alimwandikisha Ijumaa usiku. Mlingoti ni wangu. Wote, futi sitini, na nyaya zake. Ameandika sababu kwa sentensi moja: Apewe Sanga, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyejitaabisha miezi saba kwa ajili yangu, hata kama ni kwa uongo.

Nilimwonyesha Nduku barua. Nilikunja karatasi pale penye miezi saba. Akasoma sehemu iliyobaki, akanipa mkono wa hongera. Mkono wake ulikuwa baridi.

Kisha akaniambia jambo. Amemwandikia tena yule mwanaanga. Mazishi ni Jumatano, na Jumatano hiyo kituo kitapita juu yetu, 16:10. Mwanaanga atatoa shikamoo yake ya mwisho. Nduku anataka redio ya Mzee ibebwe hadi kaburini, watu wote wasikie kwamba aliitwa kweli. Akauliza nani ataibeba. Nikasema mimi, kabla hajamaliza.

Safari hii sitaki kosa. 16:10, toa sita. Nimerudia hesabu mara mbili, na mara ya tatu kwa kalamu. Saa kumi na dakika kumi alasiri. Nimewatangazia wafiwa wote wawe wamekwisha kukusanyika.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Shikamoo ile haiwezi kuachwa tena bila kuitikiwa. Mzee hakuwahi kumnyima mtu marahaba. Nimezungumza na Eugene. Tangu mchana anafanya mazoezi ya sauti ya Mzee, na kikohozi kile amekipata barabara. Atakaa kwenye mikorosho. Nimemwonya juu ya kuku.