Mkeka wa Kupokelea Wakwe

Katika kisiwa kizima cha Java hapakuwa na mtu aliyewajua viroboto kama Mzee Kasmadi. Nani kasema? Kasema Mzee Kasmadi mwenyewe!

"Kiroboto akinusa harufu yangu," alikuwa akiwaambia majirani, "anaandika wosia!"

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Ratri. Tangu asubuhi mzee alikuwa uani akimwogesha paka wao, Gembul, kwa maji ya mchaichai. Paka analia kama anachinjwa! Kisha akamchana kwa chanuo la meno membamba, viroboto akawazamisha kwenye maji ya sabuni, akiwahesabu kwa sauti mtaa mzima usikie.

"Kumi na tisa! Kwisha habari yao!"

"Baba Ratri," akasema mkewe, Sulastri, "hao ni wachache tu. Mayai yao hudondoka pale paka anapolala, na unajua analala wapi. Mkeka ule ufuliwe, uanikwe juani."

Mkeka wenyewe ulikuwa wa marehemu mama yake mzee. Ulikaa juu ya kabati umeviringishwa, hautandikwi ila kwa wakwe. Na Gembul alijilalia humo ndani ya mviringo tangu mvua za mwaka jana.

"Mkeka wa heshima haufuliwi! Kiroboto bila paka atakula nini, majani?"

"Baba, nakuomba," Ratri akasema, machozi yakimlengalenga. Alimpenda Bagyo, mposaji wake, kwelikweli. "Wakiondoka na hasira, nimekwisha."

"Niachie mimi!"

Wageni wakaja, wakavua viatu, wakaketi mkekani. Mbele alikaa bibi yake Bagyo, Bibi Sumirah, mwenye neno la mwisho.

Sasa, kiroboto mchanga huweza kujifungia kwenye kifukofuko chake miezi, akingoja mtikisiko na joto la mwili. Leo yalishuka makalio ya watu wanane kwa mpigo! Lo, karamu!

Lakini mbele ya wakwe hakuna kujikuna. Unanyooka, unatabasamu, unaitikia polepole. Mjomba wake Bagyo akatabasamu mpaka macho yakamtoka. Bagyo alibana magoti, jasho likamtiririka. Maneno ya posa, ambayo huchukua saa nzima ya mafumbo, yakaisha kwa dakika mbili!

Mzee Kasmadi mwenyewe alikuwa anatafunwa kiunoni, ila kujisifu hakumwishi.

"Wakwe zangu, nyumba hii kiroboto hajulikani hata kwa jina!"

Papo hapo kiroboto akaruka, akatua kwenye kipande cha wali wa kunata mkononi mwa Bibi Sumirah.

Mlangoni akatokea Gembul, safi, ananukia mchaichai. Akaunusa mkeka, akageuka, akaenda zake.

"Paka kaogeshwa na nani?" bibi akauliza.

"Na mimi, bibi! Kwa mikono yangu hii!"

"Hongera, mwanangu. Umemwogesha mpita njia, wenye nyumba umetukalisha nao mkekani."

Kisha akajikuna, kwaru kwaru! Wageni wote wakamfuata, wakikuna na kucheka mpaka wakalia.

"Binti tumempenda," bibi akasema akifuta machozi. "Mkeka baki nao."

Ratri akamrukia mama yake kwa furaha.

Wageni walipoondoka tu, Sulastri akamburuta mumewe uani, ndoo ya mchaichai mkono huu, chanuo mkono ule.

"Tulia, Baba Ratri!"

Gembul akapanda ukutani kutazama. Majirani nao wakajipanga hapohapo, wakihesabu kwa sauti. Ilipofika ishirini, wakapiga vigelegele: mzee kamshinda paka!