Mstari Mmoja Ndani ya Kiolezo Mama

Jumatatu, 5 Machi 2001, Tampere
Bosi wetu Sirkka ametangaza: Ijumaa wanakuja wateja, kampuni ya kusambaza vifurushi, kutazama programu yetu ya kompyuta za mkononi. Wakinunua, mmoja wetu atakuwa mkuu wa kiunzi tunachojengea programu zote. Mimi au Tuulikki. Miaka minne naungojea ukuu huo! Ila Tuulikki ndiye aliyeandika Kiolezo Mama, anayezaa kila kitu: dirisha, kitufe, menyu. Alicho nacho Mama, watoto hurithi. Nikawaza: basi na wamjue baba yao!

Jumanne, 6 Machi
Nimechomeka mstari mmoja tu wa msimbo ndani ya Mama: aandike "Kazi ya Ilpo" pembeni. Dirisha likafunguka, jina langu hilo hapo. Safi! Tuulikki akauliza nachekea nini. Nikasema hali ya hewa. Nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Jumatano, 7 Machi
Balaa! Vitufe nilivisahau, navyo vimerithi. "Futa. Kazi ya Ilpo." "Toka. Kazi ya Ilpo." Hata ujumbe wa hitilafu: "Programu imeharibika. Kazi ya Ilpo." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Tuulikki akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, kisha akanikumbusha sheria: anayeharibu msimbo wa wote huwanunulia wote mikate ya iliki ya kunywea kahawa. Nimeibeba kwenye theluji, ishirini na minne. Yeye peke yake kala mitatu. Atanitambua!

Alhamisi, 8 Machi
Niliahidi kuufuta ule mstari. Sikuufuta. Nimebadilisha jina tu: "Kazi ya Tuulikki", lijifiche mpaka kesho saa nne kamili asubuhi. Aumbuke mbele ya wageni!

Ijumaa, 9 Machi
Saa nne. Jina lake likajaa kila kitufe. Wageni wakauliza Tuulikki ndiye nani. Nikabana kicheko. Lo, mwanamke yule hata kope hakupepesa! Akasema ni yeye, na alitaka wajionee uzuri wa urithi: mstari mmoja juu, kila kitu chini kinatii. Akaandika jina la kampuni yao mahali pa lake. Kompyuta zote sita pale mezani zikawa zao! Makofi. Wamenunua. Yeye ndiye mkuu.
Walipoondoka akafungua daftari la mabadiliko, linaloonyesha nani kaandika mstari gani, na lini. Sirkka akanitazama, akasema kwa upole: Ilpo, ndugu yangu, mikate. Nilitamani kulia.

Jumatatu, 12 Machi
Mikate nimepeleka. Nimewaza sana siku hizi mbili, hata saunani, na kosa langu nimeliona: daftari! Kumbe daftari lenyewe nalo ni mtoto wa Kiolezo Mama. Kesho nachomeka mstari mmoja tu: lifiche jina langu.
Mama wa duka la mikate aliniuliza kama aniwekee na ya Jumatano. Nikamwambia hapana, ya nini?