Tume ya Kuchunguza Ushindi wa Korongo

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Gervėnai, wanaojua mpira wa kikapu na wanaojifanya wanaujua, kwamba swali lililowagombanisha kwa miaka mingi sasa limepata jibu la kiserikali. Timu ikishinda, ameshinda kocha au wameshinda wachezaji? Jibu lina kurasa mia moja na arobaini, ramani mbili na muhuri. Mwandishi wake ni mimi, Vytenis Laurikas, Katibu wa Tume ya Asili ya Ushindi.

Tume haikuundwa bure. Timu yetu ya kulipwa, Korongo, ilikuwa imeshinda mechi tisa mfululizo kwa wachezaji ambao klabu nyingine za Lithuania ziliwaacha kama viatu vilivyobana, na mji ukagawanyika. Kinyozi alikataa kumnyoa upande wa pili mteja aliyesema kocha hana maana. Kwenye mazishi ya fundi saa wetu, wabeba jeneza waliliweka chini wabishane vizuri, mpaka mjane akawaamua. Ni kocha, alisema, haya mbebeni.

Meya wetu, Mheshimiwa Gintautas Bružas, aliumia sana. Katika ubishi wote huo hakuna aliyemtaja meya. Akaliita Baraza na kulieleza kwa utulivu kwamba kocha ni mtu anayesimama pembeni na kuwapigia kelele wanaofanya kazi. "Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja," alisema, "na sijawahi kupigiwa makofi."

Njia ya uchunguzi niliibuni mwenyewe, na naionea fahari mpaka leo. Inaitwa Kipimo cha Kuondoa. Unaondoa kitu kimoja, vingine unaviacha vilevile, halafu unaangalia kilichopungua. Kocha Rimvydas Stulpinas angeondolewa kwenye benchi kwa mechi moja tu, na Meya angekaimu nafasi yake. Timu ikishinda bila kocha, basi ushindi ni wa vipaji, na mzee angefungasha virago baada ya miaka kumi na tisa. Mechi iliyoteuliwa ilikuwa ya mwisho ya msimu: mshindi anaingia nane bora, aliyeshindwa anakwenda kuvua samaki.

Meya hakutaka Stulpinas afukuzwe nusu nusu, maana mzee ni mkuu wa shule ya kikapu ya watoto pia, na ni mlezi wa ukumbi. Kwa hiyo alitunga mwenyewe Kifungu cha Saba: "Mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi msimu huu, ambaye takwimu rasmi zitaonyesha kuwa mchango wake ni hasi, ataondolewa katika nyadhifa zote anazozishika mjini, kuanzia siku taarifa itakapopigwa muhuri." Baraza lilikipitisha kwa kauli moja. Meya alinyoosha mikono yote miwili.

Kwa ajili ya uwazi naeleza kwamba mimi na Kocha Stulpinas tuna historia. Nikiwa na miaka kumi na minne alinitoa kwenye kikosi cha vijana. Alinishika bega akaniambia, "Vytenis, wewe una mwandiko mzuri." Ndivyo nilivyokuwa mtumishi wa umma. Kinyongo sina. Nilitaka tu haki itendeke, na itendeke kwake.

Siku ya mechi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Stulpinas alipewa kiti safu ya kumi na mbili, pamoja na masharti niliyoyaandika mimi: asiseme, asipige mluzi, asinyooshe mikono wala vidole isipokuwa kwa madhumuni ya kula. Kwenye meza ya takwimu alikaa Bi Danguolė, ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akiandika kila mchezaji anapoingia na anapotoka, na timu imepata pointi ngapi na kupoteza ngapi akiwemo. Meya akamwagiza amwingize na yeye kwenye fomu.

"Kwenye fomu gani, Mheshimiwa?" aliuliza Danguolė.

"Hiyo hiyo. Nataka mchango wangu uonekane."

"Utaonekana," alisema Danguolė, akampa kalamu atie saini.

Tulianza vibaya. Tulipofika tisa kwa ishirini na nne Meya aliomba mapumziko ya dakika moja. Kwetu dakika hiyo ni kama sala: televisheni inashusha kipaza sauti katikati ya vichwa vya wachezaji na nchi nzima inanyamaza, hata wauguzi wodini, wasikie kocha anasema nini. Mheshimiwa alifungua faili. Akawatambua waheshimiwa wachezaji, wageni waalikwa, wawakilishi wa wafadhili na kiongozi wa dini aliyekuwepo. King'ora kililia akiwa anamshukuru mkandarasi wa paa.

Mapumziko ya pili alikwenda kasi zaidi, akafika kwenye malengo. Alitaka kila idara itekeleze majukumu yake kwa wakati. Nahodha wetu, Eimantas, mchezaji wa kati mwenye mita mbili na sentimita kumi na moja, mzaliwa wa hapa hapa nyuma ya kiwanda cha maziwa, aliinua kidole.

"Mheshimiwa Meya, yule namba kumi na tano ananipita kama nimekufa. Nimzibe mimi, au tubadilishane?"

"Swali zuri," alisema Meya. "Katibu, liandike."

Nililiandika. Nchi nzima ilinisikia nikiliandika. Tukaenda mapumziko ya nusu tukiwa na thelathini na moja, wao hamsini.

Hapo ndipo Meya alipoitwa kwenye kamera koridoni, awaeleze watazamaji kilichoharibika. Alipangiwa dakika nne. Lakini mtu akimpa Mheshimiwa Bružas kipaza sauti, akakitaka tena, atasubiri. Robo ya tatu ilianza yeye hayupo, na Danguolė akaandika kwenye fomu: "Ametoka."

Wakati huo huo niliona jambo safu ya kumi na mbili. Kocha Stulpinas alikuwa amenunua mkate. Namaanisha mkate wetu mweusi, uliokatwa vijiti, ukakaangwa na kupakwa kitunguu saumu, ule ambao daktari alimkataza miaka saba iliyopita kwa sababu ya tumbo. Aliinua kijiti kimoja, akakitazama, akakiuma. Uwanjani wachezaji watano waliacha kumfuata kila mtu na mtu wake, wakatandaza ulinzi wa eneo. Akainua viwili, wakaanza kuwabana wageni toka kwenye kikapu chao. Akavunja kimoja katikati, na mpira ukaenda kwa Eimantas chini ya kikapu, ambaye alifunga, akatazama juu, akacheka.

Nilipanda ngazi kufanya ukaguzi.

"Unafanya nini, Kocha?"

"Nakula, Bwana Katibu."

"Hii sahani ya ngapi?"

"Ya nne. Nawaza hali ya tumbo langu kesho, lakini vijana wana njaa."

Nilisoma masharti yangu mara mbili. Kula kuliruhusiwa. Nikashuka, na nakiri hapa kwamba mate yalikuwa yananitoka, na si kwa ajili ya mkate tu. Nilikuwa sijawahi kuona kikapu kikichezwa vizuri namna ile. Nilimwonea wivu kila mtu aliyekuwa uwanjani.

Zikiwa zimebaki dakika mbili tuliongoza sabini na sita kwa sitini na nane. Meya alisikia kelele, akakatisha sentensi, akarudi benchi mbio. Danguolė aliandika: "Amerudi." Mheshimiwa aliomba mapumziko ili atoe pongezi. Aliposimama na faili lake mbele ya wachezaji, mkate haukuonekana tena. Wageni wakafunga, wakafunga tena. Tuliponea chupuchupu, sabini na nane kwa sabini na saba, na Eimantas alibebwa na watu kumi.

Jumatatu asubuhi Meya aliingia ofisini kwangu akiwa ameoga manukato. Timu imeshinda bila kocha, alisema, basi Stulpinas aondoke, na katika taarifa uongozi bora utajwe mara tatu. Nilimwonyesha fomu ya Danguolė. Wachezaji kumi na wawili walikuwa walewale tangu mwanzo hadi mwisho. Vipaji havikuongezeka kipindi cha mapumziko. Mheshimiwa akiwa benchini, timu ilizidiwa kwa pointi ishirini na sita. Alipokuwa koridoni, iliwazidi wageni kwa ishirini na saba.

"Vytenis, ndugu yangu, namba ni kama unga, unakanda utakavyo."

"Nakala iko kwa ligi tayari, Mheshimiwa. Ina saini yako."

Aliniagiza basi nisipige muhuri. Nilimweleza kwa heshima kwamba taarifa isiyo na muhuri ni karatasi, na mimi situmikii karatasi. Kipimo cha Kuondoa ni changu. Maishani mwangu sijabuni kingine. Nikapiga muhuri. Danguolė, aliyekuwa amekuja kuchukua kalamu yake, alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, akaondoka.

Baraza lilisoma Kifungu cha Saba kwa sauti, likatafuta mlango wa kutokea, likakuta Meya aliuziba mwenyewe kwa maneno "nyadhifa zote". Mikono yote ilinyooshwa. Tangu hapo mji hauna meya, na kwa mujibu wa kipimo changu tumeangalia kilichopungua. Theluji imezolewa mapema, na mikutano inaisha kabla ya chakula cha mchana. Uchunguzi unaendelea, hatuna haraka.

Taarifa nilimpelekea Kocha Stulpinas mwenyewe. Alikuwa amelala kwenye kochi, chupa ya maji ya moto juu ya tumbo. Alifungua ukurasa wa kwanza, akausoma polepole, akapitisha kidole chini ya jina langu.

"Nilikuambia," alisema. "Mwandiko mzuri."